Jiwe la Kijani la Taita Halihitaji Ukuta

Wasee, wiki jana niliweka swali kwa status: taja jiwe moja la thamani linalotoka Kenya. Moja tu. Majibu yakaingia kama mvua. Wengi waliandika tanzanaiti, na hapo nikakaa nikashika kichwa, juu jina lenyewe linakuambia linatoka wapi, buda. Kuna aliyeandika mawe ya Kisii, yale ya kuchonga viboko na sahani za mapambo. Mwingine akaandika "Kipchoge". Heshima kwake, lakini hapana. Walioandika tsavoraiti walikuwa wachache sana, na karibu wote ni watu wa Voi.

Hiyo kitu iliniuma, na leo nataka niiongelee vizuri, hata kama kawaida hapa tunabishana kuhusu muziki na mahusiano. Kuna jiwe ambalo limebeba jina la Tsavo dunia nzima. Sai ninavyoandika, kuna muuzaji Bangkok au New York anamwonyesha mteja pete ya kijani na kutamka neno Tsavo. Sisi wenye Tsavo tunaijua kwa simba waliokula wajenzi wa reli na kwa ile sehemu basi la Mombasa linapita haraka. Kwa hivyo ukiwa na dakika kumi, kaa hapa.

Tuanze na rangi, juu hapa rangi ndiyo kila kitu. Kuna jiwe linaitwa garneti. Ukimuuliza mtu yeyote wa mawe nje huko garneti ni rangi gani, atakuambia nyekundu, ile nyekundu nzito kama juisi ya zabibu. Jina limetoka kwa neno la Kilatini la komamanga, juu zile garneti ndogo ndogo zinafanana na punje za komamanga ukilipasua. Ni jiwe la wale waliozaliwa Januari. Ni jiwe la kawaida, halijawahi kuwa na makelele mengi kama almasi au rubi.

Lakini garneti si jiwe moja. Ni ukoo. Kuna za machungwa, kuna za zambarau, kuna hata zilizopatikana Madagascar miaka ya 1990 ambazo mchana ni za bluu na ukiwasha balbu usiku zinakuwa zambarau (tafuta video zake baadaye, usiniache hapa). Urusi nako walipata garneti ya kijani karne ya 19, kwa hivyo tusijidanganye kwamba sisi ndio tulianzisha ukijani. Ya kwetu ni ya tawi lingine la ukoo, tawi linaloitwa grosula. Grosula ikiwa safi kabisa haina rangi, ni kama maji tu. Ndani kuna kalsiamu, alumini, silika, basi.

Sasa rudi nyuma miaka kama milioni 600. Mabara yanagongana, miamba ya upande huu wetu inasukumwa chini, inapikwa kwa joto na presha. Kwenye miamba hiyo kuna vanadi, na mahali pengine kromi. Garneti inapojijenga, vitu hivyo viwili vinaingia kidogo kidogo mahali ambapo alumini ingekaa. Kidogo sana, hata huwezi kuita kiungo, ni kama chumvi kwa sufuria. Na hiyo kidogo ndiyo inafanya jiwe ambalo lingekuwa kama kipande cha glasi liwe kijani cha majani baada ya mvua ya Aprili. Huo mkanda wa miamba unaitwa mkanda wa Msumbiji, na haukuuliza mtu pasipoti. Unatoka kusini, unapita Tanzania, unaingia Taita na Kwale, na Madagascar nayo ilikuwa imeshikana na sisi wakati huo, ndiyo maana jiwe hilihili liko kule pia.

Shikilia hiyo ya mkanda. Nitaihitaji nikifika kwa mambo ya ukuta.

Kitu kingine kinachonikera kabla sijafika mbali: ile tabia ya kuita tsavoraiti "zumaridi ya bei nafuu". Nimeisikia kwa duka moja la mapambo hapa Nairobi, dada wa kaunta akiniambia kwa huruma kabisa, kama mtu anakuonyesha nguo ya mtumba iliyo karibu na orijino. Nikamwambia, siste, hawa hawana hata undugu. Zumaridi ni mtoto wa berili, hii ni garneti. Hii inavunja mwanga zaidi na inametameta karibu mara mbili ya zumaridi. Halafu, na hii ndiyo watu wa kizazi chetu mnapaswa kuipenda, zumaridi nyingi zilizo sokoni zimetiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Ni kawaida ya biashara, si siri. Tsavoraiti hawaiti mafuta, hawaichomi ili rangi ipande. Inatoka chini, inakatwa, inang'arishwa, imeisha. Haina filta.

Na ni adimu. Ukipata iliyo safi ikishakatwa na inazidi karati 2, hapo umeshika kitu. Ikizidi 5, watu wanaanza kupiga simu. Karati ni moja ya tano ya gramu, kwa hivyo tunaongea kuhusu kitu kinachokaa kwa ukucha wa kidole kidogo.

Kwa nini basi zumaridi bado ina jina kubwa? Juu zumaridi ina miaka elfu na elfu ya hadithi: malkia, wafalme, mataji. Tsavoraiti ina miaka hamsini na kitu. Na hadithi yake ilianza kama kampeni ya duka.

Iko hivi. Mwaka 1967 mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, alikuta garneti ya kijani sehemu inaitwa Komolo, kaskazini mwa Tanzania. Mambo ya kule hayakumwendea, akafuata miamba ileile upande wa Kenya, na mwaka 1970 akaikuta Taita. Mwaka 1974 Tiffany & Co., wale wauza vito wa New York, wakaamua kuiuza. Kuna tatizo moja: huwezi kumwambia mama tajiri wa Manhattan anunue "garneti ya grosula ya kijani". Inasikika kama dawa ya minyoo. Kwa hivyo mkuu wa Tiffany, Henry Platt, na Bridges wakakubaliana kuliita kwa jina la mbuga ya Tsavo. Ni mchezo uleule Tiffany walikuwa wameucheza mwaka 1968 na tanzanaiti, ambayo kisayansi ni zoisiti ya bluu.

Mimi kama mtu wa kontenti nasimama hapo na kupiga makofi, hata kama roho inauma. Hebu angalia walichofanya. Hawakubadilisha jiwe hata kidogo. Walibadilisha neno. Mawe mawili yaliyokuwa na rangi "zisizofaa" kwa ukoo wao, garneti isiyo nyekundu na zoisiti ya bluu, yakapewa majina ya kwetu, picha ya savana ikawekwa nyuma, bei ikapanda. Hiyo ni kazi ile mimi na wewe tunafanya na simu kila siku, tofauti ni kwamba sisi tunaifanyia sabuni na betting.

Na kuna kichekesho ndani. Huwezi kuchimba jiwe la Tsavo ndani ya Tsavo. Hiyo ni mbuga ya taifa tangu 1948, na mbuga zimekula zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta. Machimbo yako kwa sehemu iliyobaki, iliyobanwa katikati ya ndovu, mashamba makubwa ya mkonge, ranchi na vijiji. Mtu wa huko analala na ndovu nyuma ya nyumba, na chini ya kitanda chake huenda kuna jiwe lililoitwa kwa jina la mbuga ambayo hawezi kuingia bila tiketi. Hiyo si stori ya kutunga, angalia ramani.

Sasa naomba tuwe watulivu kidogo, juu sehemu hii si ya vichekesho.

Tarehe 11 Agosti 2009, Campbell Bridges aliuawa karibu na Voi. Alikuwa na miaka 71. Kundi la watu wenye mapanga na mikuki lilivamia gari alilokuwa na mtoto wake pamoja na wafanyakazi, kwenye mgogoro wa nani ana haki ya kuchimba eneo lile. Mwaka 2014 mahakama Mombasa ikawahukumu watu wanne. Ukitafuta stori hiyo kwa mtandao utaipata ikiwa na picha nzuri nzuri: mzungu aliyeishi kwenye nyumba ya juu ya mti, aliyefuga chatu ili walinde mawe yake. Wanaipenda sana hiyo ya chatu. Filamu kamili.

Mimi sina ruhusa ya kucheza na kifo cha mtu. Aliuawa kikatili, na hakuna hasira ya ardhi inayofanya hilo kuwa sawa, nukta. Lakini ukisoma zile stori za nje utaona wale watu wengine wote hawana sura. Ni "kundi". Ni "wachimbaji haramu". Huko Taita kuna jina kabisa la wachimbaji wadogo wasio na leseni: wanaitwa zurura. Fikiria hilo neno. Kuzurura ni kutembea ovyo bila kazi. Mtu anaamka saa kumi usiku, anashuka kwa shimo na sururu na mshumaa, anapumua vumbi mpaka jioni, halafu lugha inamwambia anazurura. Kule Mirerani Tanzania, wenzao wanaitwa wana-Apolo, kama wale waliotumwa mwezini. Kazi ni ileile ya kushuka gizani. Mmoja kapewa jina la roketi, mwingine jina la mtoro wa shule.

Kama unadhani majina ni maneno tu, rudi juu usome tena walichofanya Tiffany.

Nina binamu upande wa Mwatate. Amenizidi miaka sita hivi, kwa hivyo kwa simu ni "kaka" na mimi ni "mdogo wangu". Amechimba kwa misimu, anaacha, anarudi, kulingana na kama shamba limekubali. Nilimpigia kabla ya kuandika hii.

Nikamuuliza, "Kaka, mkipata jiwe mnauza vipi?"

"Kwa gramu. Broka anakuja na tochi yake, anamulika, anageuza, anatupa mkononi kama karanga. Halafu anasema bei."

"Na ukikataa?"

"Anaenda. Anajua nitakula nini kesho, ama sitakula."

"Wewe una tochi?"

Akacheka. "Ya simu, mdogo wangu. Na simu yenyewe iko asilimia nane."

Hapo ndipo pesa inapotelea, wasee, na nataka muione vizuri. Kule kwa shimo jiwe linapimwa kwa gramu. Likishakatwa, linapimwa kwa karati. Katikati ya gramu na karati kuna ulimwengu mzima ambao binamu yangu haoni. Nipe mfano ambao uko wazi kwa rekodi: kuna tsavoraiti maarufu inaitwa Lion of Merelani, iko kwa jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington tangu 2023. Ilitoka ardhini Tanzania ikiwa na karati 283.74, gramu kama 57 hivi, uzito wa yai la kuku. Ilipokatwa ikabaki karati 116.76. Yaani zaidi ya nusu ya jiwe ikawa vumbi, na hiyo ni kazi ya fundi bingwa kwa jiwe la ajabu. Kwa mawe ya kawaida yenye nyufa na madoa unapoteza zaidi ya hapo.

Sasa broka anajua hesabu hiyo. Akimulika jiwe bichi, haoni gramu 4. Anaona ufa unapita wapi, anaona kipande gani kitapona, anaona kama kitatoka jiwe moja la karati 6 ama vijiwe vitano vya karati moja moja. Hayo mawili si bei moja hata kidogo, juu bei ya kila karati inapanda jiwe linavyokuwa kubwa. Jiwe moja la karati 6 linaacha mbali sana vijiwe sita vya karati moja. Yeye anajua hayo yote kwa sekunde kumi, na wewe unajua njaa yako. Hiyo biashara imekwisha kabla haijaanza.

Na simchukii broka kihivyo. Anaweza kununua jiwe akafika Nairobi likapasuka kwa gurudumu, hasara yake. Kuna mahali anaidaiwa na mkubwa wake. Lakini maarifa yote yakikaa upande mmoja wa meza, hapo hakuna soko, kuna kuokota.

Kila nikiongea hii stori, kuna msee anakuja na jibu moja: "Tujenge ukuta kama Magufuli." Najua mnaipenda hiyo. Na siwalaumu. Tanzania mwaka 2018 walizungusha Mirerani ukuta wa kilomita 24, mawe yakaanza kupitia kwa geti. Miaka 2 baadaye, mchimbaji Saniniu Laizer akauzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5 na kitu, akalipwa shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Dunia nzima ilimwona na shuka lake la Kimaasai akipokea hundi. Nani asingetaka hiyo Taita?

Lakini rudi kwa ule mkanda nilikuambia ushikilie. Tanzanaiti inatoka mahali pamoja duniani, vilima vya Mirerani, eneo la kilomita chache ambalo unaweza kulizungusha ukuta na bado ukarudi nyumbani mapema. Tsavoraiti haikai hivyo. Iko vipande vipande ndani ya mwamba wenye grafiti, kwa vibonge kama viazi. Unaweza kuchimba miezi ukapata kibonge kimoja, ukipasua ndani ni vumbi la kijani. Halafu kibonge kingine kiko kijiji cha pili, na kingine kiko Kwale, na kingine kiko Tanzania, na kingine kiko Madagascar. Utajenga ukuta kuzunguka nini? Kuzunguka Kasigau na ndovu ndani? Mwenye jiwe atalitia mdomoni apite geti akisalimia askari.

Kwa hivyo ukuta ni jibu la jiwe la jirani. Sisi tunalipenda kwa sababu linaonekana, unaweza kulipiga picha na droni.

Sheria nayo ipo. Mpaka 2016 Kenya ilikuwa inaendesha madini kwa sheria ya mwaka 1940, ya mkoloni kabisa. Sheria mpya ikatambua mchimbaji mdogo, ikaweka kibali chake, na ikagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale jiwe lilipotoka. Watu wanapigania sana hiyo 10, na kaunti zimelalamika miaka kwamba pesa hazishuki. Sawa, wapigane, nawaunga mkono. Lakini jiulize: asilimia 10 ya nini? Ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Jiwe lililoondoka Mwatate kwa mfuko wa shati halina karatasi. Asilimia 10 ya sifuri ni sifuri, hiyo hesabu hata mimi niliyeacha kampasi mwaka wa pili naijua.

Voi kuna kituo cha vito kilichojengwa kwa pesa za umma ili mawe yakatwe na kuuzwa hapohapo. Jengo lilikwisha, halafu likakaa miaka bila kazi. Hiyo ndiyo shida ya kupenda majengo. Fundi wa kukata mawe hatoki kwa jengo. Anatoka kwa miezi ya kuharibu mawe ya bei rahisi mpaka mkono ujue.

Na hapa ndipo maoni yangu yako, mnaweza kunipiga mawe (ya kawaida tafadhali). Kabla ya ukuta, kabla ya jengo lingine, kabla ya mkutano wa wadau wenye chai na mandazi, wapeni wachimbaji vitu vitatu: tochi nzuri, kioo kidogo cha kukuza mara 10, na mizani ya dijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Vyote vinaingia kwa mfuko wa suruali. Na wafundishwe kuvitumia kwa Kiswahili na Kitaita, si kwa kijitabu cha Kiingereza kilicho na nembo sita za wafadhili. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina kozi ya uhandisi wa madini hapohapo kwa kaunti. Kuna wanafunzi wa huko wananifuata, najua mko hapa. Nyinyi mnajua haya mambo kuliko mimi. Video ya dakika 2 ya mmoja wenu akionyesha jinsi ya kuona ufa ndani ya jiwe bichi ingemsaidia binamu yangu kuliko ripoti zote mlizoandikia lekchara.

Kuna mtu ataandika, "Mawe ni ya matajiri, sisi tunaongelea bei ya unga." Hapana, ndugu. Binamu yangu anachimba ili anunue hiyo unga. Jiwe halina maana kwake kama pambo, hajawahi kuona hata moja likiwa kwa pete. Tofauti ya kujua na kutojua, kwake, ni kama jiwe limelipa wiki moja ya chakula ama mwaka mmoja wa karo ya mtoto.

Mwingine ataniambia nikifundisha watu nitaleta fujo, kila kijana atakimbilia mashimoni na mashimo yanaua. Hiyo nimeifikiria zaidi. Ni kweli, mashimo yanafunika watu, na simwambii mtu yeyote aache kazi akachimbe. Uwezekano wa kupata kitu ni mdogo kuliko hata zile betting zenu. Lakini wanaochimba tayari wako chini, hawakungoja posti yangu. Kuwaacha wasijue bei hakujamtoa mtu hata mmoja shimoni. Kunamrudisha haraka tu, juu alichouza jana kimeisha leo.

Basi, kwa kuwa nimesema maneno mengi, wacha niwape kitu kimoja cha kutumia. Kosa la kawaida pale chini ni kuchanganya mawe ya kijani. Taita kuna tsavoraiti, na kuna tomalini ya kijani pia, ambayo nayo ni nzuri lakini bei yake ni nyingine. Halafu kuna vipande vya chupa ambavyo wajanja huvisugua wakauzia wageni. Kwa macho, vyote ni kijani. Kwa maji, vinasema ukweli.

Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, halafu bonyeza isome sifuri. Funga jiwe lako kwa uzi mwembamba, lizamishe lote ndani ya maji ukilishikilia kwa uzi, lisiguse chini wala kando. Mizani itasoma namba ndogo. Iandike. Sasa toa jiwe, likaushe, lipime lenyewe bila maji. Chukua uzito huo, gawanya kwa ile namba ndogo. Ukipata karibu 3.6, una kila sababu ya kutabasamu, hapo uko kwa grosula. Ikija karibu 3.1, hiyo ni tomalini. Ikija karibu 2.7, inaweza kuwa zumaridi, na ikishuka kwa 2.5 hivi, kuna uwezekano mkubwa umeshika mabaki ya soda ya mtu. Rudia mara tatu, jiwe dogo likidanganya ni kwa sababu ya mapovu ya hewa, yapanguse kwa kidole. Na lisiwe na mwamba umeshikilia, juu utapima mwamba.

Haikuambii kama jiwe ni safi ama lina ufa, hiyo ni kazi ya tochi na kioo. Lakini inakuambia umeshika nini kabla hujaambiwa bei, na hiyo broka hawezi kukubishia, juu ni maji na hesabu.

Nimemtumia binamu maelezo haya kwa sauti ya WhatsApp. Jibu lake: "Sawa mdogo wangu, na mizani?" Nimeagiza moja, itafika na basi la Ijumaa. Wenye mawe ya kijani nyumbani, yale ya mzee aliyoacha kwa droo, pimeni mniwekee namba hapo chini. Uzito mkavu kwanza, halafu wa majini.